Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: Mamangu hatafuni kitu

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Majengo, na barua pekee niliyowahi kuiandikia kaunti ni ya leseni ya biashara. Hii naiandika usiku baada ya kufunga kazi. Naileta mbele ya watu kwa sababu wanaofaa kuisoma ni wengi, na baadhi yao wako papa hapa mtaani wakidhani yamewafika wao peke yao. Habari yenyewe ni ya mdomo wa mamangu.

Mamangu alikuwa mshona kofia. Si kwa mashine, kwa mkono: uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kijishimo baada ya kijishimo, kofia moja miezi. Ikikaribia Idi, wanaume wa Mji wa Kale walikuwa wakimtumia watu kuulizia kama ya kwao ishakwisha. Mwaka 2018 vidole vyake vikaanza kucheza. Amekaa, mikono i juu ya mapaja, na vidole vinapanda na kushuka kimoja kimoja kama vya mpiga kinanda wa taarabu. Nikamwuliza, "Mama, mbona vidole?" Akaviangalia kama vya mtu mwengine. Hakuwa na habari navyo.

Kisha ukaja mdomo. Taya likawa linazunguka, midomo inakutana na kuachana, ulimi unachungulia na kurudi, mchana kutwa. Akilala, yote yanatulia, uso wake wa zamani unarudi, na mimi nimekaa pembeni namtazama kama mtu aliyepata alichokipoteza. Akifungua macho tu, mdomo unaanza.

Ramadhani ya mwaka 2022, kabla ya alasiri, alikuwa barazani kwetu akingoja upepo. Mtoto wa jirani akapita na wenzake, akasimama, akapaza sauti: "Bibi anakula mchana!" Wakacheka, wakakimbia. Jirani mmoja aliyekuwa mlangoni kwake akawakemea, kwa wema kabisa: "Mwacheni, mgonjwa hana saumu." Mamangu alikuwa amefunga. Hakuwa amekosa hata siku moja mwezi ule. Akanigeukia, akaniuliza polepole, "Kwani mimi nala?" Nilikosa la kumjibu, maana kwa macho alikuwa anakula kweli. Tangu siku ile hatoki bila leso begani, na ncha yake huishika mbele ya mdomo kama anayejikinga na vumbi.

Mwaka 2024, kaunti ilipopiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna, tulikuwa kwenye feri ya Likoni. Kijana mmoja akamwinamia kwa mzaha: "Mama, tema hiyo, askari wako ng'ambo." Watu wakacheka, hata mimi nikatabasamu, na nikajichukia mpaka tulipofika nyumbani.

Sasa nirudi nyuma. Mamangu aliugua mwaka 2009, baada ya kufiwa na babangu. Alisikia sauti zikimwita kutoka darini, akawa anatoka usiku bila viatu. Tulimpeleka hospitali. Siitaji, kwa sababu nimekaa kwenye mabenchi ya zaidi ya moja na shida niliyoiona ni ileile. Walimwanzishia flufenazini, ile sindano ya kila mwezi, na haloperidoli ya vidonge usiku. Nataka hili lieleweke vizuri kabla sijaendelea: dawa zile zilimrudisha mamangu. Sauti zilinyamaza. Alirudi kwenye sindano yake na uzi wake, akashona miaka. Mimi si adui wa dawa za akili, na sitaki mtu yeyote aisome barua hii kisha amfungie mgonjwa wake dawa kabatini. Kuziacha ghafla kunaweza kumrudisha mgonjwa pale pale alipotolewa, na hata hiyo miondoko inaweza kuzidi kwa muda.

Lakini hakuna aliyetuambia kwamba dawa hizo zina deni lake, na kwamba deni hilo hudai baada ya miaka.

Vidole na mdomo vilipoanza, tulidhani ni meno. Tulikwenda kwa daktari wa meno, akang'oa gego moja ambalo, nikikumbuka sasa, halikuwa na kosa lolote. Mdomo ukaendelea. Shangazi yangu akasema hili si la hospitali, mtu huyu ana jini anayemtafunisha, tukaandikiwa kombe akanywa siku saba. (Sina la kumlaumu shangazi. Yeye angalau alikuja na jibu.) Mdomo ukaendelea. Kliniki nikasema, "Daktari, mamangu anatafuna pasipo kitu." Nikajibiwa kwamba huenda ugonjwa unarudi, dozi ikaongezwa. Na hapo, Mheshimiwa, ndipo nilipodanganyika zaidi, maana wiki chache baadaye mdomo ulitulia! Nikamshukuru yule daktari kwa moyo wangu wote. Miezi mitano mbele ukarudi na nguvu mpya, sasa na mabega yakipanda na kushuka. Baadaye nilielezwa kwamba ndivyo inavyokuwa: dozi ikipandishwa huifunika miondoko kwa muda, lakini chini ya kifuniko chungu kinaendelea kuchemka.

Tukaongezewa Artane. Hiyo ni dawa nzuri kwa mgonjwa aliyekakamaa au anayetetemeka kwa sababu ya dawa hizi. Kwa ugonjwa wa mdomo kama wa mamangu haisaidii, na inaweza kuuzidisha. Aliinywa kwa miaka miwili.

Aliyetufungua macho alikuwa tabibu kijana aliyekuwa amekuja kwa mafunzo. Mamangu alipoingia, hakuandika kwanza. Alimtazama. Akamwambia, "Mama, fungua mdomo. Haya, toa ulimi, uuache nje." Mamangu akautoa. Haukukaa. Uliingia, ukatoka, ukaingia, kama kaa wa ufuoni asiyeamua kama shimo lake liko salama. Pembeni ya ulimi kulikuwa na kidonda ambacho sisi wa nyumbani hatukuwahi kukiona, kwa sababu hakuna mtu anayemwambia mamake atoe ulimi. Kijana akauliza anatumia sindano hii tangu lini. Nikasema 2009. Akanyamaza, halafu akasema, "Hali hii imeletwa na dawa, dada. Ina jina."

Jina lake kwa madaktari ni diskinesia tadivu. Maana yake, ukiyavua maneno hayo koti, ni miondoko isiyotakiwa inayokuja kwa kuchelewa. Nimesoma nilichoweza tangu siku ile, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyokasirika. Dawa ya kwanza ya ukoo huu, klopromazini, ilianza kupewa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952. Haloperidoli ilipatikana Ubelgiji mwaka 1958. Kabla ya hapo, mwaka 1957, daktari wa Ujerumani alikuwa ameshaandika habari za wagonjwa waliopewa dawa hizi na midomo yao ikakataa kutulia. Jina lenyewe lilitolewa na madaktari wa Denmark mwaka 1964. Mwaka huo mamangu alikuwa msichana wa chuoni, bado anafundishwa alifu na bee. Ina maana siku alipodungwa sindano yake ya kwanza, ugonjwa huu ulikuwa na jina kwa miaka 45.

Na si nadra. Kwa dawa za zamani kama alizopewa yeye, makadirio yanayotumiwa sana ni watu 5 katika kila 100 kwa kila mwaka wa matibabu, mwaka ukijumlishwa juu ya mwaka. Kwa wazee, tafiti zimepata karibu robo yao ndani ya mwaka wa kwanza tu. Hatari inapanda kwa mwanamke, kwa mtu wa umri mkubwa, kwa mwenye sukari, kwa aliyekaa na dawa muda mrefu. Mamangu ni hao wote kwa pamoja. Hata metoklopramidi, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la Plasil na twaipewa kwa kutapika, inaweza kuleta haya ikitumiwa muda mrefu. Marekani waliiwekea onyo kali mwaka 2009, isitumiwe zaidi ya wiki 12.

Inakuwaje? Nitakueleza kama nilivyoeleweshwa. Ubongo una kemikali inayoitwa dopamini, nayo hupokelewa kwenye vipokezi kama maji yanavyopokelewa kwenye mifereji. Dawa hizi huziba vipokezi hivyo, na ndivyo sauti zinavyonyamaza. Sasa fikiria mtaa wa Mombasa uliokatiwa maji miezi. Watu hufanya nini? Kila nyumba inaongeza bomba, inaongeza tangi, inaongeza pampu. Siku maji yakirudi, hata kidogo, ni mafuriko. Ubongo uliozibiwa kwa miaka nao huongeza vipokezi, ukawa mwepesi kupita kiasi kwa kile kidogo unachopata, na upande wake unaosimamia mwendo wa viungo ukaanza kutoa amri ambazo hakuna aliyezitoa. Wataalamu wenyewe wanasema hiyo si habari nzima. Kwangu ilitosha kunifanya niache kutafuta jini.

Na si kila kinachotikisika ni hiki. Kuna magonjwa ya kurithi, kuna ya rovu, kuna meno ya bandia yasiyokaa vizuri, na yote hayo yafaa kuangaliwa kwanza. Kuna pia madhara mengine ya dawa hizi hizi ambayo huja mapema. Kijana wa jirani yetu alidungwa haloperidoli, siku ya pili shingo ikajipinda upande mmoja na macho yakapanda juu hata huoni mboni. Nyumba nzima ilianza kusoma, mtu akatumwa mbio kumwita shehe. Bahati, mjomba mmoja akasema twende kwanza hospitali, akapigwa sindano moja, shingo ikarudi kabla hata hatujapata pa kukaa. La shingo huja kwa siku na huondoka kwa dakika. La mamangu limekuja kwa miaka, na linaweza lisiondoke kabisa. Ndiyo maana la muhimu ni kulikamata likiwa dogo.

Na kulikamata si kazi ya mashine. Kuna kipimo kilichotungwa Marekani, kimekuwepo tangu mwaka 1976, na chahitaji kiti kigumu kisicho na mikono, macho mawili na dakika zisizozidi kumi. Mgonjwa aulizwa kama ana kitu mdomoni, atoe: ubani, tambuu, chochote. Akae, mikono juu ya magoti. Afungue mdomo mara mbili, atoe ulimi mara mbili. Agonge kidole gumba kwa kila kidole, haraka, mkono huu kisha huu, na wakati akihangaika na vidole wewe unaangalia uso na miguu, kwa sababu hapo ndipo miondoko hujitokeza. Asimame, anyooshe mikono, atembee aende arudi. Kila mahali paandikwe namba, 0 mpaka 4. Mwisho. Mwongozo wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2020 unataka mgonjwa aangaliwe miondoko kila anapokuja kliniki, na kipimo kamili angalau kila miezi 6 kwa walio kwenye hatari kubwa, kila miezi 12 kwa wengine.

Ukiniambia huo ni mwongozo wa wenye pesa, Mheshimiwa, nitakujibu kwamba dawa nazo zilitoka kwao, na hatukuzikataa. Tulipokea sindano tukaacha zile dakika kumi.

Nina madaftari matatu ya kliniki ya mamangu, yale ya kurasa 48 ambayo kila mgonjwa anajinunulia dukani. Usiku mmoja niliyakalia kitako. Kutoka 2009 mpaka siku ya yule kijana, mara zaidi ya mia imeandikwa kwa Kiingereza cha mkono wa haraka kwamba aendelee na dawa zilezile. Presha imeandikwa. Uzito umeandikwa. Sukari imeandikwa mara moja moja. Neno "ulimi" nililitafuta ukurasa kwa ukurasa kama anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni, na halimo. Neno "mdomo" limo mara moja: ni mimi niliyesema, na mbele yake dozi imepandishwa.

Najua kliniki zilivyo. Nimekaa kwenye foleni ya watu sabini na muuguzi mmoja, nimemwona akila mkate wake kwa mkono mmoja huku wa pili ukidunga. Simlaumu muuguzi. Ndiyo maana barua hii sikumwandikia yeye. Wala sikuiandikia Nairobi, kwa sababu Katiba ya 2010 ilizileta hospitali na zahanati zetu mikononi mwa kaunti, yaani mikononi mwako.

Ninachokiomba kwanza ni kidogo hata naona haya. Kwenye kila kliniki ya akili ya kaunti pawe na stuli moja ya mbao, na kwenye daftari la kila mgonjwa pawe na mahali pa kuandika, kila anapokuja, kwamba mdomo, ulimi na vidole vimeangaliwa. Wafundishe wauguzi kipimo kile. Nikikifahamu mimi niliyeishia darasa la nane, wao watakishika kwa asubuhi moja.

Pili, mgonjwa aambiwe kabla ya sindano ya kwanza. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa manufaa na hatari za matibabu, na pale inapowezekana kwa lugha anayoielewa. Mombasa Kiswahili chawezekana. Mtu anaweza kuwa hajitambui siku anayoletwa, kweli, lakini sisi tuliomleta twajitambua, na yeye mwenyewe akipata nafuu aambiwe. Nimewasikia wanaosema kwamba wagonjwa wakiambiwa wataogopa dawa. Mamangu mimi nilimwambia. Alifikiri, akasema, "Wangeniambia mapema ningekubali vilevile. Ila ningekuwa nikijitazama kwenye kioo."

Halafu kuna dawa zenyewe. Zipo mpya zaidi ambazo hazileti haya kwa wingi kama za zamani, na kuna klozapini, ambayo huleta kwa nadra sana ingawa yataka damu ipimwe mara kwa mara. Mtu akishaanza kutafuna hewa, daktari awe na pa kumhamishia. Sasa hivi famasi ya kliniki ikiwa na sindano ya mwezi tu, daktari anaandika sindano ya mwezi, afanyeje? Kuna pia dawa mbili za kutibu miondoko hii yenyewe, valbenazini na deutetrabenazini, zilizoidhinishwa Marekani kwa kazi hii mwaka 2017. Nimeziulizia kila famasi ninayopita. Wananiandikisha jina, wananiambia watanipigia simu.

Na madhara yaripotiwe. Bodi ya Famasia na Sumu ina njia ya kuripoti madhara ya dawa, iko wazi hata kwa mgonjwa wa kawaida, na sijawahi kuona tangazo lake kwenye ukuta wa kliniki yoyote niliyokaa. Matangazo ya kufunga mlango nimeyaona.

Mamangu sasa yuko kwa daktari mwengine. Flufenazini imepunguzwa polepole, karibu mwaka mzima, mimi nikilala mlangoni kwake kwa hofu ya zile sauti. Hazijarudi. Artane imeondolewa. Mabega yametulia, kidonda cha ulimi kimepona, mdomo umepungua lakini upo, na daktari ametuambia bila kuficha kwamba huenda ukabaki. Kofia aliyoiacha 2018 iko ndani ya kikapu chake, imeshonwa hadi nusu. Wiki iliyopita aliitoa, akatunga uzi kwenye sindano. Ilimchukua muda mrefu sana, na nilijizuia nisimsaidie. Akatoboa vijishimo vitatu, akairudisha kikapuni.

Kliniki yetu ijayo ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi. Huwa twakaa benchi la mwisho, karibu na dirisha, kwa sababu ya joto. Ukija utamjua: leso ya buluu, ameishika mbele ya mdomo. Mwambie aitoe, umtazame.

Wako mtiifu,
Fundi cherehani, Majengo, Mombasa